Koki Iliyokatwa Masikio

Katika maisha yangu nimefungua koki nyingi, za shaba, za chuma, na hizi za plastiki zinazovunjika ukizikoholea, lakini ni moja tu niliyoiona imekatwa masikio. Ilikuwa uani kwa wakwe zangu, upande wa Isingiro, enzi Mwingereza bado anatutawala na mimi bado nina kiuno.

Nilizaliwa Kituntu, kwa watu wa migomba na kahawa, Walutheri wa kuimba kwa sauti nne. Nikaolewa kwa watu wa ng'ombe. Nao walikuwa Wakristo, tena wazuri, ila baba mkwe alikuwa akisali huku jicho moja liko rweya, kule kwenye nyasi ng'ombe wanakolishwa. Mume wangu alikuwa akipima kahawa Omurushaka. Anakuja Jumamosi, Jumatatu hayupo. Wiki nzima nyumba ilikuwa ya watu watatu: mama mkwe, mimi, na baba mkwe, ambaye sikuruhusiwa hata kumtazama usoni.

Hapo nieleze kidogo, maana siku hizi mabinti wanakaa kochi moja na baba mkwe, wanamwongezea mchuzi huku wanacheka. Sisi? Thubutu! Mke wa kijana hasemi na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Kama kuna neno, unampa mama mkwe, yeye anampelekea. Na kama mama mkwe hayupo na neno halisubiri, unaliambia kitu chochote kilicho karibu, mbuzi, mlango, mchi wa kutwangia, kwa sauti ya kutosha, na mzee anasikia kwa bahati tu. Akitaka kujibu, naye anakijibu kitu hicho. Mimi na baba mkwe tulikuwa tunamtumia ndama mmoja dhaifu aliyekuwa akifungwa uani kwa sababu hakuweza kwenda malishoni na wenzake. Habari zote za nyumba ile zilipita kwenye masikio ya ndama yule, maskini, bila yeye kunenepa hata kidogo.

Sasa maji. Maji yetu yalikuwa bondeni. Unashuka na debe tupu unaimba. Unapanda nalo kichwani limejaa, huimbi. Mvua ikinyesha mteremko ule ulikuwa utelezi mtupu. Mwaka nilioolewa, serikali ilivuta bomba kutoka chemchemi ya mlimani hadi zahanati, na nyumba zilizo kandokando zikaruhusiwa kufunga koki moja uani. Jirani zetu wakafunga. Baba mkwe akakataa. Mwaka mzima akakataa, na katika mwaka huo huo aliokataa, nikiwa na mimba ya miezi mitano, niliteleza na debe langu. Mimba ikatoka palepale mteremkoni, kabla wanawake hawajanifikia.

Mambo hayo ni ya wanawake. Baba mkwe aliambiwa nina homa. Akamwambia ndama kwamba homa za msimu ule zilikuwa mbaya sana, mgonjwa apewe maziwa ya moto. Nikayanywa maziwa yake. Nilimchukia mzee yule, nasema wazi. Nilimchukia kila asubuhi nikimkorogea uji, na uji wenyewe nilimkorogea vizuri, bila madonge, ili asipate cha kunilaumu.

Kilichomfanya akatae ni chapa. Utaratibu ulikuwa hivi: koki yoyote kabla ya kutumika, aje karani wa maji aipime kwa pampu ndogo ya mkono yenye mshale. Akiona haivuji, anachukua kipande cha chuma kilichochongwa taji, anagonga kwa nyundo, pa! Taji linabaki kwenye shaba. Isiyo na taji hairuhusiwi kunywesha hata kuku. Kwa karani taji lile maana yake koki imepimwa ikafaa. Kwa baba mkwe maana yake ilikuwa nyingine kabisa. Yeye ujana wake alichunga ng'ombe wa Omukama, mfalme wa nchi ile. Ng'ombe wale walikuwa wakigawiwa kwa watu. Unamchunga, unamkamua, unampa jina zuri, unamsifia. Lakini alama iko mwilini mwake. Siku Omukama akimtaka, watu wake wanakuja, wanatazama alama, wanaondoka naye pamoja na ndama wake. Huulizwi.

Basi mzee akapiga hesabu zake. Koki yenye taji ni ya Mfalme wa Waingereza. Maji yanayotoka humo ni ya Mfalme. Na ng'ombe anayekunywa maji ya Mfalme mpaka akanenepa, huyo ni wa nani? Mtu akimcheka alijibu kwamba mwenye kucheka hajawahi kunyang'anywa ng'ombe.

Mume wangu alimbembeleza, hapana. Akaleta mchungaji wa kanisa, mzee akalegea, lakini kwa maneno mafupi: wekeni. Tukafunga koki yetu. Nilikuwa na mimba tena, na siku maji yalipotoka mbele ya mlango wangu nilikaa chini nikayatazama nikilia, mama mkwe ananiambia acha ujinga, funga hicho kitu, maji yanamwagika. Karani akaja, akapima, akagonga taji lake, akaenda. Mzee alikuwa rweya. Aliporudi aliinama akalitazama taji lile kwa muda mrefu.

Siku chache baadaye naenda kuchota, nashangaa. Taji halipo! Mahali pake pamekwanguliwa kwa tupa mpaka pamekuwa laini. Koki za siku zile zilikuwa na kishikio chenye mabawa mawili ya kushikia kwa vidole. Bawa la kushoto lilikuwa na mikato miwili, safi, imepangwa. Nikaigusa, nikaijua. Ilikuwa alama ya ng'ombe wetu: mikato miwili, sikio la kushoto.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nikamwita mama mkwe, naye akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Sasa imekuwa ya ukoo," akasema, "bado kukamuliwa tu." Tukaona yamekwisha, maana serikali gani itapanda kilima kuja kukagua masikio ya koki?

Serikali ilipanda. Karani wa maji akarudi siku moja asubuhi, na wakati mbaya ulijua kujichagua: mume wangu yuko Omurushaka, mama mkwe amekwenda msibani, na mimi nina miezi saba, tumbo limetangulia mbele. Karani alikuwa mtu wa Tabora, kaptula na soksi ndefu, mfuko wa ngozi begani. Kinyambo, lugha yetu, hakujua hata salamu. Baba mkwe naye Kiswahili alikuwa akikisikia kwa mbali, kama mtu anavyosikia ngoma ya kijiji cha pili. Aliyejua lugha zote mbili pale uani ni mimi peke yangu, na mimi nilikuwa na ruhusa ya kusema na mmoja wao tu.

"Shikamoo mzee," karani akasema.

Mzee, amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, akamwuliza ndama kama yule mtu amekuja na kamba ya kuondokea na ng'ombe.

Karani akainama kwenye koki. Akafungua, akafunga. Akainama zaidi.

"Dada, taji langu liko wapi?"

"Taji gani tena, kaka?"

"Nililipiga mwenyewe, hapa."

"Labda kutu imelila."

"Shaba haishiki kutu."

"Ya huku inashika," nikasema. "Ni hewa ya Isingiro."

Akaninyanyulia macho. Kisha akapitisha kidole kwenye ile mikato miwili. "Na hii?"

"Ndama."

"Ndama amefanya nini?"

"Ametafuna."

Akageuka kumtazama ndama. Ndama naye alikuwa amesimama pale na nyasi moja mdomoni, anaitafuna kwa kusitasita. Nikaona huo uongo umeniangukia, basi nikakaza uso.

"Muulize mzee," karani akasema polepole, "ni nani aliyekwangua chapa ya serikali."

Nikajitanda shuka mpaka machoni, nikampa mzee mgongo, nikamwambia ndama, "Mgeni anauliza nani aliyekwangua taji."

"Mwambie ni mimi," mzee akamwambia ndama. "Na kama angekuwa nalo puani, ningemkwangua na pua."

"Mzee anakusalimu sana," nikamwambia karani. "Anauliza watoto hawajambo huko nyumbani."

"Hawajambo. Lakini dada, mbona mnasema na ng'ombe?"

"Ndiyo mila."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Akatoa daftari akaandika kitu. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Kisha mchezo ukaisha. Akafunga maji kwa juu, akatoa spana, akatoa waya na kipande cha risasi cha kufungia. "Naing'oa koki, naziba bomba, natia lakiri ya risasi," akasema. "Mtaomba upya mwakani."

"Mwakani! Kaka, nitazame nilivyo. Bondeni nitashukaje?"

Alinitazama, na nilimwona anaona aibu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Akatoa mfukoni mwake koki nyingine, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, imepasuka ubavuni. Akanieleza kwamba duka fulani lilikuwa likiuza hizo kwa siri, hazijapimwa. Watu wa nyumba tatu juu yetu walizifunga, zikavuja usiku na mchana, na tangi la zahanati likakauka. Kuna mama alijifungua pale, hapakuwa na maji hata ya kumwosha mtoto. "Mimi sijui ipi imekwanguliwa na ipi haikupimwa," akasema. "Mimi naangalia taji tu. Nikiacha moja, nimeacha zote." Nikaona ana haki, na mtu mwenye haki kumdanganya ni kazi ngumu sana. Nikamwomba tu, kwa heshima, kama hakuna njia.

Akafikiri. Njia ilikuwepo. Angeweza kuipima tena na kuipiga taji upya, ila mwenye nyumba mwenyewe akubali mbele yake, na atie dole gumba daftarini kwamba chapa haitaguswa tena.

Nikamwambia ndama.

"Dole langu chini ya taji lake?" mzee akamwambia ndama. "Wewe ndama, waulize walioondolewa ng'ombe na Omukama kama waliweka dole. Hao hawakuweka, na walinyang'anywa. Mimi niweke?"

Nikamkuna ndama nyuma ya sikio, nikawaza. Halafu nikasema, "Ndama, nikuulize. Akija mgeni hapa kwetu, anayemletea pombe ya lubisi anafanya nini kwanza, kabla hajampa kibuyu?"

Mzee akajibu taratibu: "Anaonja."

"Kwa nini anaonja?"

"Mgeni aone pombe haina sumu."

"Aliyeonja kibuyu kimekuwa chake?"

"Kitakuwaje chake? Ameonja tu."

"Basi, ndama, lile taji ni la aliyeonja. Amekuja, ameonja koki kabla yetu, ameacha alama ya mdomo. Kibuyu ni chetu."

Karani alinitupia jicho, nikamwinulia kidole asubiri. Hatimaye mzee akasema, "Kama ni hivyo, aonje nimwone."

"Anasema unywe," nikamwambia karani.

"Ninywe nini?"

"Maji. Kwenye koki. Kwa mdomo."

Koki ile ndama alikuwa akiilamba kutwa, na karani alikuwa amekwisha kuuona ulimi wa ndama. Lakini alifungua maji, akainama na kaptula yake, akafumba macho, akanywa. Maji yakamwingia kwenye soksi. Akainuka anajifuta, mzee akamwambia ndama, "Ameonja maji. Koki hajaionja."

Haki ya Mungu, nilitaka kumpiga mzee yule kwa mchi. Karani akaunganisha pampu yake kwenye koki, akaanza kusukuma, mshale ukapanda. Baba mkwe akashindwa kukaa. Akaja akachuchumaa, akaitazama koki kama anavyotazama kiwele cha ng'ombe anayetaka kumnunua, akapitisha kidole chini yake, kikatoka kikavu. Akapitisha tena. Kikavu. Nikasema moyoni, asante Yesu, tumemaliza.

Mzee akasimama, akajikung'uta magoti. "Ni koki nzuri," akamwambia ndama. "Lakini taji silitaki. Mwambie aing'oe. Ng'ombe wangu watakunywa bondeni kama mama zao. Ng'ombe wana miguu. Na wanawake wana miguu."

Sikumtafsiria karani. Sikumwambia ndama. Niliteremsha shuka kichwani, nikageuka, nikamtazama baba mkwe usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilipoingia nyumba ile. Alikuwa na macho ya mume wangu. Sikujua.

"Baba," nikasema, "mwaka jana sikuwa na homa. Nilikuwa na mtoto tumboni. Alibaki kwenye mteremko ule, na debe la maji yenu."

Nilijua nimeharibu, kwamba angeweza kunirudisha Kituntu siku hiyo hiyo na hakuna ambaye angemlaumu. Karani hakuelewa neno, lakini aliiweka spana chini. Mzee alisimama tu. Nilingoja aseme na ndama, anitukane kupitia kwake. Hakumtazama ndama.

Alikwenda kwenye bomba, akapiga goti, akalishika kwa mikono miwili chini ya koki, lisicheze.

"Mwambie apige," akaniambia. Mimi.

"Piga," nikamwambia karani.

Karani akaweka chuma chake, akagonga mara moja. Mikono ya mzee ilishtuka lakini haikuachia. Kisha akapakwa wino, akakandamiza dole lake daftarini kwa nguvu hadi daftari likapinda, na karani ikabidi amwondoe mkono kwa upole. Karani akafungasha vitu vyake, akaaga mara mbili, hakuna aliyemwitikia vizuri, akashuka njia na soksi zake mbichi.

Tukabaki wawili. Nilitaka kuondoka, sikujua niondoke kwenda upande gani. Mzee alikuwa akifuta wino kwenye nyasi, amenipa mgongo.

"Huyo mtoto," akasema, "ilikuwa kabla jirani hawajapata bomba, au baada?"

Jibu la swali lile nilikuwa nalo. Mwaka mzima nilikuwa nimelibeba, nimelipanga neno kwa neno nikipanda mteremko ule: ilikuwa baada, baba, bomba lilikuwa limepita mbele ya mlango wako, wewe ukasema hapana. Nilikuwa nikiota siku ya kumtupia. Sasa ameniomba mwenyewe, na mgongo wake mbele yangu ulikuwa mwembamba kuliko nilivyofikiri.

"Kabla, baba," nikasema.

"Kabla?"

"Zamani kabla. Habari za bomba zilikuwa hazijasikika."

Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kufuta dole lile ambalo lilikwisha kuwa safi. Halafu akaenda jikoni kwangu, mahali ambapo mguu wake haukuwahi kukanyaga, akatoka na debe langu, akaliweka chini ya koki, akafungua. Mwanamume wa ukoo ule, mwenye ng'ombe wake, kuchota maji! Alingoja mpaka likajaa. Akalinyanyua kwa mikono miwili, maji yanamrukia miguuni, akalipeleka mpaka mlangoni kwangu, akalitua taratibu, akapita pembeni yangu bila kunitazama. Ndipo nikajua kwamba hakuniamini.